Tukifika Nane, Tunabadilishana Upande

Nilijifunza mpira wa wavu bila mpira. Simu niliiegemeza kwenye cherehani yangu hapo Soko la Toi, nikawa natazama video wateja wakikosekana, mikono nimeinua juu ya paji la uso, vidole vimetanuka, napokea na kurusha kitu ambacho hakikuwepo. Kazi yangu ni kurekebisha nguo za mitumba: kupunguza viuno, kukata pindo, kubadilisha zipu. Wateja wawili walionikuta katika hali hiyo walidhani ninaomba. Mmoja alivua kofia akasubiri nimalize.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na ni afadhali niseme hilo mapema. Pindo nikilishona likanyooka, nalifumua nione kama linaweza kunyooka zaidi. Nikimsalimia mtu vibaya asubuhi, kufikia saa sita mchana bado naisahihisha ile salamu kichwani. Karibu kila ninachokijua nimejifundisha mwenyewe, na aliyejifundisha mwenyewe hana mtu wa kumlaumu, wala hana wa kumwambia kwamba sasa inatosha. Mpira wa wavu niliuchagua kwa sababu ya neti. Kwenye soka watu wanakujia na magoti yao. Huku wapinzani wanakaa kwao, nasi tunakaa kwetu, na ukiingia kwao ukawasumbua filimbi inalia. Niliona huo ni utaratibu ambao ungefaa hata sokoni.

Mbele ya cherehani yangu kuna mwanamke anayeuza jinzi. Ni mrefu, ana mabega ya mtu aliyebeba marobota miaka mingi, na akitaka kuning'iniza suruali kwenye msumari wa juu kabisa hahitaji kile kijiti wanachotumia wengine. Anaruka. Nilimtazama akiruka kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Video zote nilizozitazama zilikuwa zinamtafuta yeye. Seta, ambaye ndiye mimi, anauinua mpira karibu na neti. Mpigaji, ambaye ndiye yeye, anaruka na kuukandamiza chini upande wa pili. Seta asiye na mpigaji ni mtu anayerusha mpira juu na kungoja umrudie.

"Unaniangalia nini, fundi?" aliniuliza siku moja.

"Unaruka vizuri."

"Naruka kwa sababu msumari uko juu."

Ilinichukua muda mrefu kumshawishi. Siku ya mazoezi ingekuwa Jumapili alasiri, na Jumapili alasiri ndipo watu wanapotoka kanisani wakiwa na nafasi ya kujaribu suruali. Mwishowe alikubali, lakini alikubali kama anavyouza jinzi, bila kuacha mwanya.

"Nakupa Jumapili zangu mpaka tucheze mechi moja ya ukweli," alisema. "Mechi na watu wako na jezi. Tukionekana ni timu, nabaki. Tukionekana ni wasichana wamepotea njia ya kanisa, narudi kwa jinzi zangu, na usinifuate tena na hiyo simu."

Nikasema sawa. Kisha nikaanza kuwa na wasiwasi. Tulikuwa sita kamili: mimi, yeye, dada wawili wa saluni ambao hawakunyamaza hata wakirukia mpira, askari mmoja wa kike, mlinzi wa geti, aliyekuja mazoezini na buti za kazi begani, na mjukuu wa mwenye uwanja. Kitabu cha sheria nilichokuwa nimekipakua kwenye simu kinasema timu isiyotimia sita haijakamilika, na isiyokamilika imeshindwa kabla ya mpira kurushwa. Mpigaji akiondoka, hatungekuwa timu dhaifu. Hatungekuwa timu.

Uwanja wetu uko Kambi Muru, hapo Kibera, nyuma ya nyumba ya mwanamke mzee wa Kinubi ambaye sote tunamwita haboba, kama wajukuu zake wanavyomwita nyanya yao. Siku nyingine ni uwanja wa kuanikia nguo za wapangaji wake. Alituruhusu kwa masharti mawili: nguo tuziondoe bila kuziangusha, na adhana ikilia mpira ukae chini. Mjukuu wake, ambaye ana miaka kumi na tisa na mdomo wa miaka arobaini, alituambia sharti la tatu halisemwi. Mpira ukigonga sufuria ya haboba, aliyeupiga anaosha sufuria hiyo.

Kitabu kinataka uwanja wa mita kumi na nane kwa tisa. Niliupima kwa tepu yangu ya kupimia viuno, ambayo ina mita moja na nusu, kwa hiyo nilipiga magoti mara nyingi. Urefu ulipungua kidogo, kwa hiyo mstari wa nyuma wa upande mmoja ulipanda ngazi ya kwanza ya jikoni. Neti tuliipata ndani ya robota la mitumba. Ilikuwa ya tenisi, na nilipowaambia kwamba hata neti ya kwanza kabisa ya mchezo huu ilikuwa ya tenisi hakuna aliyefarijika isipokuwa mimi. Fito mbili zinazosimama kwenye kingo za neti, kuonyesha kwamba mpira umepita ndani au nje, tulitengeneza kwa vyuma vya pazia. Mpira ulitoka Toi pia, umeandikwa kwa lugha ambayo hatukuitambua. Niliushona mahali palipoachia, nikafumua, nikaushona tena.

Siku ya kwanza, kabla hatujaugusa, niliwakusanya niwaeleze asili ya mchezo. Hakuna aliyeniomba.

Niliwaambia kwamba mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, huko Marekani, mwalimu mmoja wa mazoezi alikuwa na wanafunzi wa makamo, watu wa maofisini. Basketiboli ilikuwa imeshabuniwa lakini iliwachosha na kuwaumiza. Akatwaa neti ya tenisi, akaitundika juu kidogo ya kichwa cha mtu mzima, akawaambia wapigiane mpira kwa mikono usianguke. Kwanza walijaribu kibofu cha ndani cha mpira wa basketiboli, kikawa chepesi mno. Wakajaribu mpira wenyewe, ukawa mzito mno. Ndipo ukatengenezwa mpira wake, mwepesi na laini. Hata jina la kwanza halikuwa hili, lilibadilishwa baadaye.

"Ngoja," alisema mjukuu wa haboba. "Kwa hivyo hii ni game ya wazee wenye vitambi?"

"Mwanzoni, ndiyo."

"Na bado hatuiwezi."

Hatukuiweza, ingawa kuieleza si kazi. Kila upande una watu sita, watatu mbele na watatu nyuma. Mmoja anaanzisha mpira kutoka nyuma ya mstari. Mpira ukishaingia kwenu mna miguso mitatu ya kuurudisha, na mtu mmoja haruhusiwi kuugusa mara mbili mfululizo. Wa kwanza anaupokea kwa mikono ya chini, wa pili anauinua, wa tatu anaupiga. Haushikwi. Haubebwi. Ukianguka ndani ya uwanja wenu, pointi ni yao, na ukianguka nje, inategemea aliyeugusa mwisho. Mkipata haki ya kuanzisha kutoka kwa wapinzani, kila mtu anasogea nafasi moja kufuata mwendo wa saa, ili hata mfupi afike mbele na hata mrefu arudi nyuma. Wakati wa kuanzisha kila mtu awe mahali pake katika mzunguko huo, la sivyo ni kosa. Seti inakwisha kwa pointi ishirini na tano, mradi mmewazidi kwa mbili.

Nilitaka pia tuwe na libero, yule mchezaji wa nyuma wa kulinda ambaye jezi yake ni ya rangi tofauti. Nilimshonea mjukuu wa haboba fulana ya njano, mishono miwili kila pindo. Kisha nikasoma kifungu kinachofuata: libero haruhusiwi kuchukua zamu ya mbele, kwa hiyo lazima awepo mtu wa saba wa kubadilishana naye. Nikamnyang'anya fulana.

"Nimekuwa libero dakika kumi," alisema. "Nimeacha alama kwenye historia."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, yaani mteremko.

Uwanja wa haboba unateremka kutoka jikoni kwake kuelekea mtaro. Si mteremko mkubwa. Mtu akipita na ndoo hatauona. Lakini neti niliitundika kwa urefu wa wanawake, mita mbili na sentimita ishirini na nne, nikapima katikati, nikapima tena, nikaridhika, na bado upande wa mtaroni neti ilikuwa juu na upande wa jikoni ilikuwa chini. Waliokuwa mtaroni walishindwa kila seti. Nililiona hilo Jumapili kadhaa za mwanzo na sikujua la kufanya, kwa sababu kitabu kinadhani dunia imesawazishwa.

Haboba ndiye aliyeamua. Alikuwa amekaa mlangoni anachagua mchele. "Badilishaneni," alisema. "Mtu hawezi kukaa chini siku nzima."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia mwenye ploti akisema hivyo.

Nilikitafuta kitabu kinisaidie, nikapata. Sheria inasema timu hubadilishana upande seti inapokwisha. Lakini katika seti ya mwisho, ile ya kuamua, ambayo ni fupi na huishia kumi na tano, timu hubadilishana katikati pia, timu moja inapofika pointi nane. Nikaichukua nane hiyo nikaitandaza kwenye seti zote. Kwa Kambi Muru, timu yoyote ikifika nane tunabadilishana, ikifika kumi na sita tunabadilishana, ikifika ishirini na nne tunabadilishana. Hakuna filimbi. Mpira unaviringishwa chini ya neti, wote tunapita pembeni, wa mtaroni wanapanda na wa jikoni wanashuka. Tulikuwa tukicheza watatu kwa watatu, na baada ya miezi michache hakuna aliyehesabu tena kwa sauti. Miguu ilijua. Dada wa saluni walihama katikati ya umbea na sentensi haikukatika.

Mimi nilijua kabisa kwamba hiyo ni sheria yetu na si ya kitabu. Nilichosahau ni kuwaambia wengine.

Mechi ilikuja kwa njia ya nywele. Mmoja wa dada wa saluni alikuwa anamsuka msichana anayechezea timu ya mtaa wa Kawangware 46, wakazungumza, na kabla ya nywele kwisha tulikuwa tumealikwa. Wana jezi zenye namba. Wana uwanja wa murram, ule udongo mwekundu wa kokoto, uliopigwa chokaa, na refa wao ni mwalimu wa michezo mwenye filimbi shingoni na kadi mfukoni. Nilipomwambia mpigaji, alikuwa anaruka kutundika suruali.

"Hiyo ndiyo mechi ya ukweli?" aliuliza alipotua.

"Ndiyo hiyo."

"Haya. Tutaona."

Tulitembea kwa miguu kutoka Kibera, tukakata Ngong Road, tukapita mitaa yenye mageti marefu na mbwa wasioonekana, tukatokea Kawangware. Nilisema huko ndiko kupasha misuli moto. Njiani niliwakumbusha kuhusu mzunguko, kuhusu kutoigusa neti, kuhusu kutosimama kwenye mstari wakati wa kuanzisha. Askari alisema nimeongea kutoka Kibera mpaka Kawangware na bado napumua.

Uwanja wa Kawangware 46 ulikuwa tambarare. Sijui nieleze vipi. Nilipokanyaga katikati nilihisi kama mtu aliyeshuka kwenye ngazi akidhani bado kuna kidato kimoja. Watu walikuwa wamejaa kwenye kingo, vijana wamekaa juu ya matofali, akina mama na miavuli yao. Wapinzani walikuwa wanapasha moto wakiimba. Sisi tulivaa fulana nyeupe ambazo nilikuwa nimezishonea namba mwenyewe, na ya kwangu ilikuwa imepinda kidogo upande wa kushoto. Niliiwaza hiyo namba mechi nzima.

Tulianza vizuri, jambo ambalo sikuwa nimejiandaa nalo. Baada ya miezi ya kupiga mpira kutoka mtaroni, neti ya Kawangware ilionekana kama kamba ya kuanikia soksi. Nilimwinulia mpigaji mpira wa kwanza, akaruka, ukatua katikati yao kabla hawajainua mikono. Wale vijana wa kwenye matofali wakanyamaza. Nikamwinulia mwingine. Alinitazama, na ingawa hakutabasamu, niliona anafikiria Jumapili zake.

Tukafika nane. Wao walikuwa na sita.

Mpira ulipoanguka, mjukuu wa haboba aliuviringisha chini ya neti, na sote sita tukatembea. Hakuna aliyesita. Dada wa saluni walikuwa wanazungumza. Mimi nilikuwa wa tatu kwenye mstari, natembea huku nikifikiria namba ya fulana yangu. Tulipita pembeni ya neti, tukaingia upande wa pili, kila mtu akasimama mahali pake. Tulikuwa watu kumi na wawili upande mmoja wa neti. Upande wa pili hapakuwa na mtu. Kitabu hakina kifungu kuhusu hali hiyo.

Nahodha wao alikuwa amesimama pua kwa pua na askari wetu. "Sasa?" alimuuliza.

"Poa," alijibu askari.

Refa alipiga filimbi. "Timu ya Kibera! Mnaenda wapi?"

"Tumehama," alisema mjukuu wa haboba, ambaye hata yeye alikuwa ndiyo kwanza anagundua.

Matofali yalilipuka. "Wapangaji wapya!" alipiga kelele kijana mmoja. "Landlord anawajua?" Mwingine akauliza kama tumekuja na vitanda. Mama mmoja alicheka mpaka akafunga mwavuli.

Refa alitoa kadi ya njano akaigusisha kwenye kifundo cha mkono. Nilikuwa sijawahi kuona ishara hiyo isipokuwa kwenye simu. Ni onyo la kuchelewesha mchezo. Nilifurahi kuitambua, furaha safi kabisa, halafu nikakumbuka ni sisi tuliopewa.

Tulirudi upande wetu. Mpigaji alitembea nyuma ya wote, macho chini, masikio mekundu kwa namna ambayo ngozi yake nyeusi haikuweza kuificha. Seti ile tuliipoteza.

Kabla ya seti ya pili niliwaita. "Sikilizeni. Ile ya kubadilishana ni ya kwetu, ni kwa sababu ya mteremko. Hapa hakuna mteremko. Tukifika nane, msisogee. Mmenisikia? Nane, hatusogei."

"Si ungesema mapema?" aliuliza mpigaji.

"Nilisahau."

"Wewe? Wewe unakumbuka mpaka uzito wa mpira."

Seti ya pili tulifika nane na hakuna aliyesogea. Nilijivuna. Tukaendelea, tukaongoza, tukafika kumi na sita, na dada wawili wa saluni pamoja na askari wakaondoka kwenda zao upande wa pili. Watatu tulibaki. Kutoka kwenye matofali mtu aliuliza kama sasa ni talaka.

"Rudini!" nilipiga kelele.

"Ulisema nane!" alijibu dada wa saluni kutoka ng'ambo ya neti. "Hukusema kumi na sita!"

Refa aligusisha kadi nyekundu kwenye kifundo cha mkono. Ukirudia kuchelewesha, pointi inakwenda kwa wapinzani, na mpira pia. Hata hivyo seti ile tulishinda, kwa sababu mpigaji alikuwa amekasirika, na akikasirika anapiga mipira ambayo hakuna mtu mwenye akili anayeipokea.

Ikabaki seti ya kuamua. Nilikuwa nimeacha kufikiri vizuri. Naandika hili bila kujitetea, kwa sababu nimejaribu kujitetea mara nyingi na hakuna utetezi uliosimama. Niliwakusanya tena, nikawashika mikono. "Hakuna namba ya kutembea," niliwaambia. "Nane, kumi na sita, elfu moja. Hata wao wakitembea, nyinyi msitembee. Simameni."

"Hata dunia ikiisha?" aliuliza mjukuu wa haboba.

"Hata ikiisha."

Wamenisikiliza mara chache sana katika maisha yetu pamoja. Siku hiyo walinisikiliza.

Tulikwenda nao pointi kwa pointi. Tukafika nane, wao saba. Wapinzani wakaanza kutembea kuja upande wetu. Nikaona wale dada wa saluni wamekaza miguu kama nguzo. Askari akakunja mikono kifuani, kazini kwake hapitishi mtu. Mpigaji aliinua mguu, na mimi, mimi mwenyewe, nikamshika fulana kwa nyuma nikamvuta.

"Fundi, si hii ndiyo ile ya—"

"Simama!"

"Timu ya Kibera," alisema refa, kwa sauti ya mwalimu anayemuuliza mtoto kwa mara ya mwisho, "badilisheni upande."

"Hatusogei!" nilimjibu. Mimi, ninayekijua kifungu kile kama ninavyoijua njia ya kwetu. Seti ya kuamua, pointi nane, timu zinabadilishana. Ni kifungu kile kile nilichokiiba nikakipeleka Kambi Muru, na sasa kilikuwa kimesimama mbele yangu na filimbi mdomoni, nami nakikataa.

Kadi nyekundu, kifundo cha mkono. Nane kwa nane. Tulibadilishana upande, safari hii sote, katikati ya kicheko ambacho sitakieleza.

Tulifika kumi na tatu. Wao walikuwa na kumi na nne. Mjukuu wa haboba aliokoa mpira ambao ulikuwa tayari umeshakufa, akateleza kwa tumbo juu ya murram, mpira ukanijia juu, taratibu, mzuri. Sijawahi kuinua mpira kama ule. Haukuzunguka hata kidogo. Ulikwenda ukakaa juu ya neti kama umetundikwa pale na mtu mwenye kipimo. Mpigaji alianza kukimbia, na nikaona ametanguliza mguu usiofaa.

"Mguu!" nilipiga kelele.

Akageuka kunitazama. Alikuwa hewani tayari. Mpira ulimgonga kwenye kiganja kisha kwenye neti, ukateremka upande wetu, ukaviringika mpaka kwenye kiatu changu.

Tulipeana mikono na wapinzani. Nahodha wao alisema tuje tena, na wakati huo wachezaji wake walikuwa wanaiga tulivyosimama, mikono kifuani. Kisha tukaanza kurudi. Askari alikuwa na zamu, akatangulia. Dada wa saluni kwa mara ya kwanza hawakuwa na la kusema. Nilitembea kando ya mpigaji nikimwomba radhi. Niliomba radhi kwa nane, kwa kumi na sita, kwa fulana niliyoivuta, kwa refa, kwa namba iliyopinda. Tulikuwa tumeshafika Ngong Road na bado nilikuwa naomba.

"Fundi," alisema. "Nyamaza kidogo."

Tukavuka barabara.

"Ile mara ya kwanza tulipohama," alisema, "watu walicheka. Niliona aibu nikataka kuingia chini ya ardhi. Lakini tulihama sote. Hakuna mtu aliuliza mwenzake. Hiyo ilikuwa timu. Ya pili ilikuwa nusu. Ya tatu haikuwa timu, hiyo ilikuwa ni wewe."

Nilivuta pindo la fulana yangu, kana kwamba namba ingenyooka, naye akaendelea.

"Na ule mpira wa mwisho."

"Ulitanguliza mguu wa kulia."

"Najua mguu niliotanguliza! Mimi naruka na huo huo mguu tangu nianze kutundika jinzi. Naruka, natundika, sijawahi kuanguka. Kama si wewe kupiga nduru, huo mpira ungekuwa chini."

"Kwa hivyo unarudi kwa jinzi zako?"

Alitembea hatua kadhaa. Mjukuu wa haboba, aliyekuwa nyuma yetu na damu kidogo kwenye kiwiko, alikuwa ameacha hata kukokota viatu ili asikie.

"Jumapili nikija," alisema mpigaji, "mpira ukiwa hewani sitaki kusikia sauti yako. Ukishaanguka, sema mpaka uchoke. Ukiwa hewani, wewe ni bubu. Sauti yako nikiisikia hata mara moja, navua fulana hapo hapo."

"Utakuja?"

"Nimesema nikija."

Wiki hiyo tulikaa tukitazamana sokoni, cherehani na jinzi, na hatukulizungumzia. Alikuwa anauza vizuri. Nilifumua mapindo mengi.

Jumapili tulikuwa watano pale kwa haboba, nguo zimeshaondolewa, neti imeshatundikwa. Sikuipima. Niliipima kwa macho tu. Dada wa saluni walianza kurushiana mpira. Askari alisema labda kuna wateja wengi, na mjukuu wa haboba akasema, kwa sauti ya chini isiyokuwa yake, kwamba watano wanaweza kucheza kitu kingine.

Mpigaji aliingia kupitia uchochoro wa choo, anafunga nywele kwa kitambaa cha jinzi. Hakusalimu. Alivua kandambili, akaingia uwanjani, akasimama. Nilikuwa mimi ndiye wa kuanzisha, mpira mkononi, nyuma ya mstari wa jikoni, na nikaona amesimama mahali pasipo pake. Kwa mzunguko wetu alipaswa kuwa kulia kwa askari, naye alikuwa kushoto. Ni kosa la wazi. Filimbi ingelia mahali popote duniani.

Mpira ulikuwa bado haujawa hewani. Kwa makubaliano yetu nilikuwa na haki ya kusema. Alinigeukia, akaniona nimemtazama miguu, akangoja.

Nikaurusha juu, nikaupiga.